Lusungu Stanley Mwakalobo, Aliyesema kwa Macho

Lusungu Stanley Mwakalobo, ambaye tunamzika leo Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, hapa Wazo, alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 2004, saa tisa alasiri, katika hospitali moja ya Kinondoni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Stanley Mwakalobo, karani wa ghala, na Mwalimu Tupokigwe, ambaye wakati huo alifundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi jirani na Mwenge. Wazazi wote wawili ni wenyeji wa Rungwe, na jina walilomchagulia ni la Kinyakyusa, maana yake neema. Uchungu wa kumzaa ulichukua siku mbili. Alipotoka hakulia. Wakunga walihangaika naye robo saa nzima ndipo sauti ikatoka, ndogo, kama ya mtu anayebisha hodi akiwa hana uhakika kama hiyo ndiyo nyumba.

Alipofikisha mwaka mmoja shingo ikiwa haijakaza, daktari aliwaeleza wazazi kwamba mtoto ana mtindio wa ubongo. Sehemu inayoamrisha misuli iliumia wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo mikono, miguu na ulimi havitamtii. Wazazi walipouliza kuhusu akili yake, daktari alisema hilo halijulikani kwa sasa, wangoje waone. Wazazi hawakungoja. Walichukua kimya cha mtoto kuwa ndiyo jibu, kama wengi wetu tulivyochukua.

Mwaka 2005, mwezi Septemba, Lusungu alishikwa na degedege mara tatu katika wiki moja. Muuguzi alimfundisha mama yake jambo moja na akamtaka alikariri: ukiona macho yanapanda juu, usingoje, mlaze ubavu, mpe dawa. Lilikuwa agizo jema na huenda liliokoa maisha yake. Lakini degedege lile liliisha kabla hajatimiza miaka mitatu, na agizo halikuisha.

Hapo ndipo penye kisa cha maisha ya marehemu, na familia imeamua kisemwe kama kilivyo. Lusungu alipofika umri wa kujibu watu, kiungo pekee alichoweza kukitawala kilikuwa macho. Akitaka kukubali, aliyapandisha juu, kwenye dari. Mama yake akaona degedege. Kwa hiyo kwa miaka sita, kila Lusungu aliposema ndiyo, alilazwa ubavu, akapewa kijiko cha dawa, akalala. Aliamka, akaulizwa kama ana njaa, akasema ndiyo, akalazwa tena.

Maisha yake ya miaka hiyo yalikuwa chumba kimoja, godoro moja na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, ambao ulikuwa mweupe kwa vumbi la kiwanda cha saruji hata mvua za masika zikipita. Alisikia kila kitu. Watu husema mengi mbele ya kabati, na yeye tulimfanya kabati. Mwaka 2011 ndugu walikaa sebuleni, mlango wa chumba chake ukiwa wazi, wakajadili kama apelekwe kwa bibi yake Rungwe ili mama apumzike na azae wengine kwa utulivu. Mmoja alisema hata akihamishwa hatajua amehamishwa. Miaka saba baadaye, Lusungu alimtajia ndugu huyo maneno yake yote, neno kwa neno, na akamtajia shati alilovaa siku hiyo.

Mwaka huohuo wa 2011 mjomba wake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alipita Wazo akitokea safari. Aliketi kando ya godoro saa mbili nzima akisimulia. Alisema kwamba Addis Ababa mtu akikubali huvuta pumzi ndani ghafla, kana kwamba ameshtuka. Alisema kwamba katika mji wa Sofia alikaa wiki nzima akidhani wauza mikate wanamkatalia, kumbe kutikisa kichwa huku na huku ndiyo kukubali kwao. Akamuuliza mtoto kwa mzaha kama amependa hadithi hizo. Macho ya Lusungu yakapanda juu. Mjomba huyo, mwenye lugha sita kinywani, alisimama akamwita dada yake alete dawa.

Aliyemsikia Lusungu kwa mara ya kwanza alikuwa Najma, msusi aliyekuwa akija nyumbani kila Jumamosi kumsuka mama na watoto kwa ajili ya ibada ya Jumapili. Najma ni mzaliwa wa Temeke, na wanaomfahamu wanajua kuwa mdomo wake hufanya kazi kuliko vidole. Akisuka huuliza maswali bila kungoja majibu. Jumamosi, tarehe 6 Julai 2013, alikuwa amempakata Lusungu kichwa magotini, akamuuliza eti mama'ko anapikaga wali mbichi, eti ni kweli? Macho yakapanda. Akacheka, akauliza, au anapika vizuri sie ndiyo tunamsingizia? Macho yakashuka chini, kwenye mkeka. Najma akaacha kusuka. Akamuuliza kama amsuke twende kilioni. Macho chini. Akamuuliza kama amsuke mabutu mawili. Macho juu, na yakakaa huko.

Wakati huo mama yake alikuwa ameshafika mlangoni na kijiko mkononi, akimwambia Najma ampishe, mtoto anaanza degedege.

Najma hakumpisha. Alisema, "Mwalimu, mie nasuka vichwa toka nina miaka kumi. Degedege halichagui msuko."

Mama Lusungu alisimama pale na kijiko. Kisha akauliza swali lake la kwanza kwa mwanawe, naye aliuliza kama mwalimu anavyouliza, kwa kumtega: "Mimi ni mjomba wako?" Macho yakashuka. "Mimi ni mama yako?" Yakapanda. Dawa ilimwagika kwenye mkeka, na doa lake lipo mpaka leo.

Daktari alipoelezwa alimpima Lusungu upya, akapunguza dawa kidogo kidogo hadi ikaachwa mwezi Oktoba. Mwezi huohuo Albano, mchongaji wa Mwenge, alimtengenezea kiti cha kumshika mgongo na kichwa, pamoja na ubao wenye herufi katika mistari mitano. Msomaji alitaja mstari kwa mstari, Lusungu akapandisha macho kwenye mstari anaoutaka, kisha herufi kwa herufi vivyo hivyo. Q na X hazimo. Albano aliuliza ni za nini, akaziacha.

Mama yake alijiandaa kumfundisha silabi kuanzia mwanzo. Hakujua kwamba kazi hiyo alishaifanya. Kila jioni, kwa miaka mingi, alikuwa akiwafundisha watoto wa majirani kusoma barazani, hatua chache kutoka dirisha la Lusungu, na watoto walikuwa wakiimba silabi kwa sauti ya kuezua bati. Siku ya tatu ya ubao, Lusungu aliandika neno lake la kwanza. Lilichukua dakika kumi na nne. Mama aliandika herufi kwenye daftari moja moja, S, I, L, A, L, I, na hakulisoma mpaka lilipokamilika. Silali.

Jioni ile mama yake alipiga magoti mbele ya kiti akamuuliza, "Umenisamehe?"

Walikuwa wamekwisha kubaliana jibu la tatu. Juu ni ndiyo, chini ni hapana, na kufumba macho kwa nguvu ni bado. Lusungu alifumba macho.

Mwaka 2014 aliandikishwa katika kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu cha shule moja ya msingi huku Kinondoni. Alisoma huko hadi 2020. Alipenda hesabu za mafumbo na alichukia kuimbishwa. Hakufanya mtihani wa mwisho wa darasa la saba, kwa sababu hakukupatikana njia ya mtu kumsomea macho bila kushukiwa kwamba anamjibia. Shaka hiyo ilimfuata maisha yake yote. Watu waliamini majibu yake pale yalipofanana na yao. Baba yake alipomuuliza yeye ni Simba au Yanga, macho yalipanda kwenye Simba. Bwana Stanley, ambaye ni mtu wa Yanga tangu ujana wake, alitaka swali lirudiwe, akidai ubao ulipinda. Lilirudiwa mara tatu. Siku hiyo tulicheka, na Lusungu alicheka kuliko wote, lakini baadaye aliandika: mkipenda jibu mnauliza mara moja.

Kuanzia Februari 2019 marehemu alipata kazi, na alitaka iitwe kazi. Kila Alhamisi mdogo wake Tusajigwe na Najma walimpeleka Temeke, kwenye kikundi cha akina mama wenye watoto wa hali kama yake. Siku nyingine, hasa baada ya kumaliza shule, Lusungu alikuwa bado katika chumba kilekile chenye dirisha lilelile, kwa maana kiti hakipiti kwenye mchanga wa mtaa wetu bila watu wawili, na watu wawili hawakupatikana kila siku. Alihesabu wiki kwa Alhamisi. Mvua ikinyesha Alhamisi, alikataa chakula.

Alichowafundisha kina mama kilikuwa kifupi: mwulize mtoto, kisha nyamaza, uhesabu hadi ishirini. Wengi walifika tano wakaanza kujibu wenyewe. Mama mmoja, Bi. Mauwa, alikuja na bintiye Chausiku wa miaka minne, akasema amehesabu ishirini, amehesabu mia, huyu hana kitu kichwani, ni mzigo tu Mungu kamtwisha. Aliyasema hayo mtoto akiwa mapajani. Lusungu aliomba ubao. Aliandika neno moja, mguu. Wakamvua Chausiku soksi, wakamuuliza kama anataka maji. Kidole gumba cha kushoto kilikunjuka. Wakamuuliza kama anataka kwenda nyumbani. Kikatulia. Kina mama walikuwa wakitazama uso wa mtoto muda wote. Aliyeuona mguu ni yule aliyekaa kimo kimoja na mguu. Bi. Mauwa alitoka nje akakaa huko muda mrefu, na aliporudi alimwomba mwanawe radhi kwa yale aliyoyasema mbele yake. Wapo watoto kumi na wanne huko Temeke ambao ndiyo yao ilipatikana katika Alhamisi hizo: kwa kidole, kwa shavu, kwa kushika pumzi. Baadhi yao wapo hapa leo, na tunawashukuru waliowabeba.

Marehemu hakuolewa wala hakujaliwa mtoto. Mwaka 2023, kwenye harusi ya binamu yake huko Segerea, mgeni mmoja alimsogelea mama yake akauliza, akimwonyesha Lusungu kwa kidole, kama huyu anakula pilau. Muziki ulikuwa mkubwa, na Tusajigwe alilazimika kupaza sauti kusoma kilichokuwa kikiandikwa: anakula, na anasikia. Mgeni alikwenda mwenyewe kumletea sahani, akaongeza na nyama. Walipokuwa wakirudi, mdogo wake alimuuliza kama naye angependa kuolewa. Alisema ndiyo. Hakueleza zaidi, na hakuulizwa tena.

Kipaimara alipata mwaka 2018. Siku hiyo, akiwa bado na gauni jeupe, mama yake alimuuliza mara ya pili lile swali. Lusungu alifumba macho. Msidhani hawakupendana. Alikuwa akilala na mkono wa mama yake chini ya shingo, na hakukubali mtu mwingine amlishe uji. Lakini aliwahi kumwandikia mjomba wake kwamba miaka ile sita haikupita, ipo, na yeye huingia humo kila akisikia kijiko kikigonga kikombe. Aliandika kuwa asingeweza kusamehe kitu ambacho bado yumo ndani yake. Maneno hayo yalichukua siku mbili kuandikwa.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika Agosti 2024. Koo lilichoka, chakula kikawa kinapotea njia na kuingia kwenye mapafu, na kila mwezi alirudi hospitali kwa homa ya kifua. Baadhi ya wauguzi wodini walizungumza naye kwa sauti ya juu na polepole, kama kwa mgeni asiyejua Kiswahili. Daktari mmoja kijana alijifunza ubao kwa siku moja, akamuuliza Lusungu mwenyewe kama awekewe mpira wa kulishia. Alikubali. Ulimpa miezi mitano ambayo asingeipata.

Tarehe 30 Mei 2025 alilazwa kwa mara ya mwisho. Jumapili, tarehe 8 Juni, saa ya kuona wagonjwa, mama yake aliuliza kwa mara ya tatu. Kando ya kitanda walikuwepo baba yake, Tusajigwe aliyeshika ubao, Najma, na mjomba wake. Lusungu alifumba macho. Mama alihesabu kimyakimya hadi ishirini, midomo yake tuliiona ikienda, akaendelea hadi arobaini. Muuguzi alisema mgonjwa amelala, tumwache. Ndipo Lusungu akafumbua macho, na Tusajigwe akamuuliza, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukisia, "Dada, ni bado?"

Macho yakapanda juu.

Kisha yakaenda kwenye ubao. Nguvu zilikuwa zimebaki kidogo na mistari ilirudiwa mara nyingi. Zilitoka herufi tatu: K, A, A. Mama yake akavuta kile kiti cha plastiki cha wageni, akakaa. Saa ya wageni ilipoisha alikuja mtu kumtoa, akamwona alivyokaa, akapita. Alikaa hapo Jumatatu na Jumanne. Lusungu Stanley Mwakalobo alifariki dunia Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka ishirini na moja, miezi mitatu na siku mbili.

Alhamisi, kwenye msiba, wazee walikaa kupanga ratiba na kuusikiliza wasifu huu kabla haujapelekwa kuchapwa. Baba mkubwa wa marehemu, ambaye tunamheshimu na ambaye amesafiri kutoka Tukuyu usiku na mchana, alitaka sehemu hiyo ibadilishwe. Alisema haifai mtoto azikwe huku mama yake hajasamehewa, watu watasikia, kanisa litasikia. Alisema aliyefariki hana tena bado, kwa hiyo iandikwe tu kwamba alimsamehe mama yake dakika za mwisho, maana moyoni lazima alisamehe. Wengi waliitikia. Mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa na kalamu, naye alianza kukata mstari. Ilikuwa rahisi na ingetupa sote nafuu.

Mwalimu Tupokigwe alikuwa ameketi chini, ukutani, na khanga kichwani. Alisema, "Shemeji, shikamoo. Naomba usiguse hapo. Ndiyo yake nilimnyang'anya miaka sita, nikidhani namtibu. Leo mnataka mumwekee ndiyo asiyoisema, kwa sababu mimi inaniuma. Iacheni iniume. Mtoto kasema bado."

Baba mkubwa aliinuka, tukadhani amekasirika. Kisha akasema isomwe hivyo. Ndiyo sababu imesomwa hivyo.

Marehemu ameacha baba, Bwana Stanley Mwakalobo, mama, Mwalimu Tupokigwe, mdogo wake, Tusajigwe, ambaye kwa miaka kumi alikuwa sauti yake na hakuwahi kumwongezea neno, bibi mzaa mama, aliye Tukuyu na ambaye hakuweza kusafiri, baba mkubwa, mjomba, na dada yake Najma, ambaye si wa damu, ila Lusungu mwenyewe alimtaja hivyo kwenye ubao tarehe ambayo Najma anaikumbuka. Ameacha pia watoto kumi na wanne wa Alhamisi na mama zao.

Bwana alitupa Lusungu, nasi tulichelewa kumpokea. Bwana ampe amani yake, na mama yake pia Bwana ampe ya kwake, kila mmoja kwa wakati wake. Amina.